Kuweka Linux Mint kwenye kompyuta yako, na namna ya kuitibu inapogoma

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa zilizomo katika orodha yake tu. Matokeo yake kompyuta nyingi zenye skrini nzima, kibodi nzima na diski nzima zimebaki hazina pa kwenda. Hazijaharibika. Ukiziwekea Linux zitakutumikia miaka mingine.

Nimeandika mwongozo huu kwa mtu anayefanya kazi hii kwa mikono yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Usakinishaji wenyewe, ule wa kubofya "endelea, endelea", haumalizi hata saa moja. Watu wanakwama kwenye mambo waliyoyaruka kabla ya kuanza, au kwenye amri walizozinakili mtandaoni baadaye bila kuzielewa. Kwa hiyo katikati nitapita haraka, nikae zaidi mwanzoni na mwishoni.

Distro gani?

Linux yenyewe ni keneli, yaani kiini kinachozungumza na vifaa vya kompyuta. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991. Unachokisakinisha ni distro: keneli hiyo pamoja na programu, draiva na mazingira ya kufanyia kazi, vyote vikiwa vimefungwa pamoja na watu wanaovitunza. Debian ilianza mwaka 1993, Ubuntu ilizaliwa juu yake mwaka 2004, na Linux Mint ikajengwa juu ya Ubuntu mwaka 2006. Ukoo huu una faida kwako, kwa sababu suluhisho lililoandikwa kwa ajili ya Ubuntu mara nyingi hufanya kazi kwenye Mint.

Kwa anayeanza napendekeza Mint bila kusitasita. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, na hakuna kinachobadilika ghafla. Mfululizo wa 22 umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na utahudumiwa hadi 2029. Kuna toleo la Cinnamon, ambalo ndilo la kawaida, na la Xfce, ambalo ni jepesi zaidi. Kama kompyuta yako ina RAM ya GB 4 au pungufu, chukua Xfce. Kiwango cha chini kabisa ni GB 2 za RAM na GB 20 za diski, lakini kwa GB 2 utaiona kivinjari kikihema ukifungua kurasa tatu. Prosesa lazima iwe ya biti 64.

Kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD kutaongeza kasi kuliko distro yoyote utakayochagua. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha, usije ukarudia kazi.

Kabla hujagusa chochote

Nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Picha, nyaraka, nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, na hata orodha ya programu unazozitegemea. Kisha ichomoe diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue mafaili mawili matatu. Nakala ambayo hujaifungua bado ni matumaini tu. Niliwahi kumsaidia mtu aliyekuwa na folda nzima ya picha za familia kwenye diski ya nje. Tulipoifungua baada ya kufuta kompyuta, tulikuta njia za mkato tupu zinazoelekeza kwenye diski ambayo tayari ilikuwa imefutwa. Tangu siku hiyo siendelei mpaka nione mafaili yakifunguka mbele ya macho yangu.

Kama unataka Windows ibaki kando ya Linux, yako mambo mawili zaidi.

La kwanza ni BitLocker, kifaa cha Windows cha kusimba diski, yaani kuifunga kwa ufunguo. Kompyuta nyingi za siku hizi husimba diski zenyewe bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) au mipangilio ya UEFI (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta), Windows inaweza kukuamkia siku inayofuata ikidai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Utafute sasa hivi, wakati Windows bado inafunguka. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi.

La pili ni uwashaji wa haraka. Unapozima Windows haizimi kabisa: inajilaza nusu, na kuiacha diski ikiwa imefungwa kwa matumizi yake. Linux ikiifikia diski hiyo itakataa kuandika ndani yake, na ni kwa usalama wako. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

powercfg /h off

Halafu punguza patisheni ya Windows kwa kutumia kifaa cha Windows chenyewe cha kusimamia diski (andika diskmgmt.msc). Iachie Linux angalau GB 50 na usiifomati nafasi hiyo, iache tupu.

Kupakua na kuhakiki

Pakua faili la ISO, yaani mfumo wote uliofungwa katika faili moja, kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint. Lina ukubwa wa takribani GB 3. Likishashuka, linganisha alama yake ya SHA256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaolitambulisha faili) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti. Kwenye Windows:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Kwenye Linux:

sha256sum linuxmint.iso

Ukipata herufi zilezile, faili ni zima. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, lifute na upakue upya. Najua wengi huiruka hatua hii. Ina maana mbili. Kwanza, mtandao ukikatika katikati unaweza kubaki na faili pungufu, na usakinishaji utaanguka ukiwa umefika asilimia 80 kwa ujumbe usioeleweka. Pili, mwezi Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza watu kwenye ISO iliyopandikizwa mlango wa siri. Siku hiyo, aliyelinganisha na alama halali ndiye aliyegundua kuwa ameshika kitu bandia.

Flashi

Flashi ya GB 8 inatosha, na kila kilichomo kitafutika. Kosa linalojirudia hapa ni kuburuta faili la ISO na kuliangusha ndani ya flashi kama wimbo. Kompyuta haitawaka kwa flashi hiyo. ISO lazima iandikwe kwa programu maalumu: kwenye Windows tumia Rufus au balenaEtcher, na kwenye Linux unaweza kutumia dd. Kabla ya dd, andika lsblk, amri inayoorodhesha diski, mara mbili: mara ya kwanza flashi ikiwa nje, mara ya pili ikiwa ndani. Jina lililoongezeka ndilo la flashi yako.

sudo dd if=linuxmint.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress oflag=sync

Mahali pa sdX weka jina ulilolipata. Amri hii haiulizi mara mbili. Ukikosea herufi ukaandika ile ya diski kuu, itaandika juu ya kazi zako bila neno. Soma mstari wote kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter.

Kuwasha kwa flashi

Zima kompyuta, chomeka flashi, washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9 au Esc, kwenye Asus mara nyingi ni Esc. Ukiona nembo ya Windows umechelewa; anza tena.

Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa vianzishi visivyotiwa saini, kwa kawaida unaweza kuiacha imewashwa, kwa sababu Mint hutumia kianzishi kilichotiwa saini. Ila ukikutana na maneno "Verifying shim SBAT data failed", jua kwamba firmware ya kompyuta imeambiwa ikatae vianzishi vya zamani. Hilo liliwakumba wengi baada ya sasisho la Windows la Agosti 2024. Dawa yake ni kutumia ISO ya toleo jipya. Ikishindikana, izime Secure Boot kwa muda ukiwa ndani ya mipangilio ya UEFI.

Skrini ikibaki nyeusi baada ya kuchagua Mint, washa tena na uchague mstari wenye maneno "compatibility mode". Mara nyingi kadi ya picha ndiyo iliyokataa, na nitaieleza mbele.

Ijaribu kabla ya kuiweka

Utafika kwenye meza ya Mint inayofanya kazi, ingawa hakuna kilichoandikwa kwenye diski yako bado. Kaa hapa nusu saa. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa kila tatizo unaloliona sasa halijakugharimu chochote: unazima, unachomoa flashi, na Windows yako iko palepale.

Unganisha Wi-Fi na ufungue kurasa chache. Cheza video na usikilize sauti kwenye spika, kisha kwenye vipokea sauti. Jaribu kamera. Pandisha na ushushe mwanga wa skrini kwa vitufe vyake. Funga kifuniko cha laptopu, subiri dakika mbili, ufungue: je, imeamka? Kuamka ndipo laptopu nyingi zinapofeli, na ni bora kujua leo. Chomeka printa kama unayo. Printa nyingi za mtandao za miaka ya karibuni huonekana zenyewe bila draiva yoyote. Kama unatumia skrini ya pili, iunganishe.

Halafu fungua programu ya kuonyesha diski na uhakikishe diski ya ndani inaonekana. Ikiwa haipo kabisa ilhali Windows inawaka vizuri, huenda UEFI imewekwa kwenye RAID, ambayo Intel huiita RST au VMD, badala ya AHCI; hizo ni namna mbili za kompyuta kuzungumza na diski. Kuibadilisha kuwa AHCI huifanya Linux iione, lakini Windows iliyosakinishwa chini ya RAID inaweza kukataa kuwaka mpaka iandaliwe kwanza, kwa kuwashwa mara moja katika hali ya usalama. Kama unafuta Windows yote, badilisha tu na usonge mbele.

Usakinishaji wenyewe

Bofya ikoni ya kusakinisha iliyo mezani. Chagua lugha na mpangilio wa kibodi, na uweke tiki kwenye kodeki za sauti na video. Swali moja tu ndilo zito: aina ya usakinishaji.

Ukitaka Linux peke yake, chagua kufuta diski yote. Hapo unaweza pia kuisimba diski nzima. Kwa laptopu inayotembea nje ya nyumba nakushauri ufanye hivyo, ila ujue kwamba ukilisahau nenosiri la usimbaji hakuna fundi wala programu itakayokurudishia kilichomo.

Ukitaka mifumo miwili, kisakinishi kinaweza kukupangia chenyewe. Mimi hupendelea "Something else" kwa sababu ninaona kila kinachofanyika. Iteue ile nafasi tupu uliyoiacha, tengeneza patisheni moja ya ext4 (muundo wa diski wa Linux) na uipachike kwenye /, yaani mzizi wa mfumo. Patisheni ndogo ya EFI, ya aina ya FAT32, tayari ipo kwa sababu Windows iliiweka. Itumie hiyohiyo na usiifomati, maana kianzishi cha Windows kimo ndani yake. Swap, nafasi ya diski inayosaidia RAM, usijisumbue nayo. Mint itatengeneza faili la swap yenyewe. Patisheni tofauti ya /home (folda ya mafaili yako) ni nzuri kwa anayependa kusakinisha upya mara kwa mara. Kwa mwingine huwa ni kujibana tu: upande mmoja unajaa huku mwingine ukiwa na nafasi.

Kabla ya kuandika chochote, kisakinishi kitakuonyesha orodha ya patisheni zitakazobadilishwa. Isome. Baada ya hapo ni jina, nenosiri, na kusubiri.

Siku ya kwanza

Weka masasisho yote kwanza, kupitia kidhibiti cha masasisho au kwenye terminali, yaani dirisha la amri (sudo huendesha amri kama msimamizi, apt husakinisha programu):

sudo apt update
sudo apt upgrade

Fungua kidhibiti cha draiva. Kama una kadi ya NVIDIA, kitakupendekezea draiva. Chukua ile iliyoandikwa kuwa inapendekezwa. Ikiwa Secure Boot imewashwa, utaombwa utunge nenosiri, na kompyuta ikiwaka tena itatokea skrini ya buluu yenye maneno "Perform MOK management". Chagua "Enroll MOK" na uandike nenosiri lile. Skrini hiyo hutokea mara moja. Ukiipuuza, draiva itakuwepo lakini keneli itakataa kuipakia, na utahangaika siku nzima ukidhani draiva ndiyo mbovu.

Washa ukuta wa moto, kwa sababu Mint huja nao ukiwa umezimwa:

sudo ufw enable

Kisha fungua Timeshift na upange picha za mfumo za kila siku, ibakize tano. Timeshift huhifadhi mfumo: keneli, programu, mipangilio. Kwa kawaida haigusi nyaraka zako. Kwa hiyo sasisho likiharibu kitu, unarudi jana kwa dakika chache. Lakini nyaraka zako bado zinahitaji ile diski ya nje.

Inapogoma

Soma ujumbe wa kosa wote kabla ya kugusa kitu. Badilisha jambo moja, jaribu, na uandike ulichofanya. Anayebandika amri kumi kwa mkupuo hata akifaulu hajui kilichomponya, na akishindwa ana matatizo kumi mapya. Usiendeshe amri yenye sudo ambayo huwezi kueleza kila neno lake.

Shajara ya mfumo ndiyo shahidi wako. Makosa ya safari hii, yaani tangu kompyuta ilipowashwa:

journalctl -b -p err

Kama kompyuta iliganda ukalazimika kuizima, soma safari iliyopita kwa kuandika -b -1 badala ya -b. Usiogopeshwe na wingi wa mistari. Hata kompyuta nzima kabisa huwa na makosa kadhaa yasiyo na madhara. Tafuta mistari iliyoandikwa dakika ileile tatizo lilipotokea.

*Skrini nyeusi baada ya kuwasha.* Fikia menyu ya GRUB, kianzishi cha Linux: kwenye UEFI bonyeza Esc mara moja baada ya nembo ya kompyuta, kwenye BIOS ya zamani shikilia Shift. Ukijikuta kwenye mstari wa grub> andika normal kisha Enter. Kama tatizo limeanza baada ya sasisho, ingia kwenye "Advanced options" na uchague keneli ya zamani. Ikiwaka, umempata mkosaji, na unaweza kubaki nayo mpaka keneli nyingine itoke. Kama tatizo lipo tangu mwanzo, bonyeza e kwenye mstari wa kwanza wa menyu, tafuta mstari unaoanza na linux, na mwishoni mwake, baada ya quiet splash, ongeza neno nomodeset. Bonyeza F10. Neno hilo huizuia keneli isianze kupanga kadi ya picha mapema, nawe utapata skrini ya kawaida isiyo na kasi. Si mahali pa kuishi: ingia, sakinisha draiva sahihi, kisha uwashe bila neno hilo.

*Wi-Fi haipo.* Anza kwa kuhakikisha haijafungwa:

rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes", andika sudo rfkill unblock wifi. Ukiona "Hard blocked: yes", kuna kitufe au swichi pembeni ya kompyuta, na hakuna amri itakayoishinda. Kama haijafungwa, tazama kifaa chenyewe:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Chini ya jina la kadi panapaswa kuwa na mstari wa "Kernel driver in use". Usipokuwepo, kadi haina draiva. Kadi nyingi za zamani za Broadcom huwa hivi, na draiva yake inapatikana kwenye kidhibiti cha draiva. Lakini utaipakuaje bila mtandao? Chomeka simu yako kwa waya wa USB na uwashe kushiriki mtandao kwa USB. Mint huiona simu kama mtandao wa waya papo hapo. Njia hii imeniokoa mara nyingi sana, na waya wa simu sasa ni sehemu ya vifaa vyangu vya kazi.

Kama Wi-Fi ipo ila inakatika katika, mara nyingi ni uwekaji akiba wa umeme. Fungua faili hili kwa sudo:

/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

Badilisha wifi.powersave kutoka 3 iwe 2, kisha uwashe upya.

*Saa inaruka.* Ukitoka Linux kwenda Windows saa inasogea mbele au nyuma. Linux huhifadhi saa ya ubaomama kwa UTC, Windows kwa saa za mahali ulipo, basi kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Iambie Linux ifuate desturi ya Windows:

timedatectl set-local-rtc 1

Lakini saa ikirudi nyuma miaka kadhaa kila ukichomoa umeme, betri ndogo ya ubaomama imekwisha, kwa kawaida ni ile ya duara ya CR2032. Dalili zake hupotosha: kurasa zinakataa kufunguka kwa madai ya vyeti vya usalama, na apt inalalamika kwamba mafaili ya hazina bado hayajaanza kuwa halali. Watu huhangaika na mtandao kumbe ni saa.

*apt imefungwa au imevunjika.* Ujumbe wa "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend" maana yake ni kwamba programu nyingine inasakinisha sasa hivi, mara nyingi masasisho ya nyuma ya pazia. Subiri dakika kumi. Ushauri wa kulifuta faili hilo umeenea, nami naupinga kwa nguvu zote: kufuli hiyo inazuia programu mbili zisiandike hifadhidata moja kwa wakati mmoja, na ukiiondoa unaweza kuiharibu. Kama umeme ulikatika katikati ya kusakinisha, fanya hivi kwa mpangilio huu:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

*Unaandika nenosiri, skrini inapepesa, unarudishwa palepale.* Nenosiri ni sahihi. Kikao ndicho kinachoshindwa kuanza. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nenosiri lako kwenye skrini ya maandishi, na utazame nafasi:

df -h

Ikiwa / imefika asilimia 100, umepata jibu, kwani kikao hakina pa kuandika hata faili dogo. Safisha:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M

Kama bado, sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h itakuonyesha folda iliyonenepa. Mara nyingi ni picha za Timeshift zilizorundikana kwenye diski hiyohiyo. Nafasi ikiwa ipo tele, tazama mwenye faili la kikao kwa ls -l ~/.Xauthority. Likionyesha root (msimamizi) badala ya jina lako, kuna siku uliendesha programu ya madirisha kwa sudo. Lifute kwa sudo rm ~/.Xauthority, litatengenezwa jipya. Ctrl+Alt+F7 itakurudisha kwenye skrini ya kuingia.

*Windows imejirudishia uongozi.* Baada ya sasisho kubwa kompyuta inawaka Windows moja kwa moja, kana kwamba Linux haijawahi kuwepo. Ingia UEFI kwanza utazame mpangilio wa kuwasha. Mint hujiandikisha pale kwa jina "ubuntu", kwa hiyo usitafute neno Mint. Lipandishe juu na uhifadhi. Mara nyingi huishia hapo.

Kama jina hilo halipo, washa kwa ile flashi yako (ndiyo maana usiifute) na utumie Boot Repair iliyomo kwenye menyu. Kwa anayependa kufanya mwenyewe, hii ndiyo njia, ukibadilisha majina ya patisheni kulingana na lsblk yako:

sudo mount /dev/nvme0n1p5 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub

Amri ya kwanza inataja patisheni ya Linux, ya pili ile ya EFI. Kinachofanyika ni kwamba unaingia ndani ya mfumo wako uliolala na kumwita GRUB ajiandikishe upya akiwa nyumbani kwake. Kama update-grub haikuitaja Windows, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false kwenye /etc/default/grub na uendeshe tena.

*Umeangushwa kwenye mstari wa (initramfs).* Mfumo umekuta kasoro kwenye diski na umekataa kuendelea. Ujumbe ulio juu yake hutaja patisheni husika. Andika fsck -y ukifuatisha na jina hilo, kwa mfano fsck -y /dev/sda2, kisha exit. Ikitokea mara moja baada ya umeme kukatika, ni kawaida. Ikirudi wiki inayofuata, ichukulie kama mawingu ya mvua: diski inaelekea kufa. Sakinisha smartmontools na uisome hali yake:

sudo smartctl -a /dev/sda

Kwenye diski ya SATA tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba hizo zikiwa zinapanda kila ukiangalia, acha kutengeneza chochote na unakili kazi zako saa hiyohiyo.

*Kompyuta imeganda kabisa.* Kabla ya kukandamiza kitufe cha umeme, shikilia Alt pamoja na Print Screen na ubonyeze S, kisha U, kisha B, ukiacha sekunde mbili katikati. Keneli itaandika yaliyobaki kwenye diski, itaifunga isiandikwe tena, halafu itawasha upya. Inaheshimu mafaili yako kuliko kukata umeme.

Ukihitaji msaada wa watu

Usiandike tu "Linux yangu haifanyi kazi". Endesha amri hii na unakili majibu yake:

inxi -Fxz

Inaorodhesha kompyuta yako yote, keneli na draiva, na ile z inaficha namba zinazoweza kukutambulisha. Ongeza ujumbe wa kosa kama ulivyo, neno kwa neno, usiutafsiri, maana anayekusaidia atautafuta kwa maneno hayohayo. Sema ulikuwa unafanya nini, nini kilibadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi, na umeshajaribu nini. Ukipona, rudi ueleze kilichokuponya, kwa sababu kuna mtu atakayefika hapo na skrini nyeusi kama yako.